Tone Lililovaa Vumbi

Unga ulikataa maji. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni mwa shamba la mahindi karibu na Dumila, ndoo mbele yangu, kijiti mkononi. Kila nilipokoroga, unga ulizama kidogo kisha ukapanda tena juu na kutanda kama kuvu juu ya uji uliolala. Ulikuwa wa kijani kilichofifia, mwepesi kuliko sembe. Kila punje yake ilikuwa spora ya Metarhizium, kuvu inayoishi udongoni na kuua wadudu, na tulikuwa tumeuleta kwa ajili ya viwavijeshi vamizi, wale walioanza kuonekana Afrika mwaka 2016 na kutufikia sisi muda mfupi baadaye.

Mwenye shamba alikuwa bibi mmoja mkimya. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo na kumweleza kwa madaha kwamba dawa yetu haina sumu, ni kiumbe hai. Alisimama nyuma yangu akitazama ule mkorogo kwa muda mrefu, mikono nyuma.

“Mjukuu wangu,” akasema, “kama unga wako unaogopa maji, jua utaliweza?”

Sikuwa na jibu. Nilitia sabuni kidogo, unga ukalainika na kukubali kuchanganyika, ingawa madonge madogo yalibaki. Tukajaza bomba la kupulizia, mwenzangu akalibeba mgongoni, na kabla hajamaliza mistari miwili nozeli ikaziba. Tulifungua, tukasafisha, tukaendelea, ikaziba tena. Mpaka tunamaliza ilikuwa saa sita mchana, na jua lilikuwa limesimama juu ya utosi. Tuliporudi baada ya wiki moja, mistari tuliyopulizia haikuwa na tofauti na ile tuliyoiacha. Viwavi walikuwa ndani ya moyo wa mahindi wakitafuna, na kinyesi chao kama unga wa mbao kimejaa kwenye makutano ya majani.

Jambo lililonikera ni kwamba spora zile zilikuwa nzima. Nilizikuza mwenyewe. Katika maabara yetu ndogo mjini Morogoro tulikuwa tukipika mchele kwa mvuke ndani ya mifuko ya plastiki, tunaupandia kuvu, na baada ya wiki mbili hivi punje nyeupe za mchele zinakuwa zimevaa kijani kitupu. Unaukausha, unauchekecha, na unga wa spora unadondoka chini ya chekeche. Usiku wa kuamkia safari ya Dumila nilikuwa nimekagua sampuli ya spora hizo kwa hadubini: zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa zimechipua. Viwavi wachanga niliowachovya ndani ya vikopo walikuwa wamekufa. Nilikwenda shambani nikiamini kwamba kazi imekwisha, kilichobaki ni kupulizia.

Imenichukua miaka kuelewa kwamba nilikuwa nimefanya nusu ya kazi, na ile nusu rahisi.

Spora ya Metarhizium ni kitu kidogo mno, urefu wake ni kama mikromita tano hadi nane, yaani ukizipanga kwa urefu zitaingia zaidi ya mia moja katika milimita moja. Ngozi yake ya nje ina protini zinazokataa maji, na hilo lina sababu: hali hiyo inaisaidia kushikamana na ngozi ya mdudu, ambayo nayo ina nta. Ikishanasa inaota, inatoa kijimzizi, kijimzizi kinavimba kwenye ncha na kubana, kisha kinatoboa ngozi kwa nguvu ya msukumo na kwa vimeng’enya vinavyoyeyusha. Mdudu hahitaji kuila. Kuguswa kunatosha. Ndani ya damu yake kuvu inazaliana, na baada ya siku kadhaa, mara nyingi kati ya nne na kumi, mdudu anakufa. Tofauti na bakteria au virusi vinavyotumika kuua viwavi, hii haisubiri kumezwa, na ndiyo maana wengi wetu tuliipenda.

Lakini kati ya nozeli na ngozi ya mdudu kuna safari, na safari hiyo ndiyo iliyoziua spora zangu. Sabuni inazifanya zikubali maji, kisha maji yanakauka juu ya jani na kuziacha uchi. Mionzi ya urujuanimno ya jua la mchana inaweza kuziua kwa saa chache tu. Zisipokufa kwa jua zinakauka kwa upepo. Na zilizobaki kwenye madonge, mamia kwa mamia zimegandana, zinatua mahali pamoja na kuacha sehemu kubwa ya jani tupu. Zile za katikati ya donge hazimgusi mdudu kamwe. Nilikuwa nimepeleka jeshi zima, na njiani sikuwa nimelipa hata kivuli.

Mimi nilizaliwa Ufipa, juu ya Bonde la Rukwa, na kwa mtu wa kule neno nzige halihitaji maelezo. Bonde lile ni mojawapo ya mazalia ya nzige wekundu yanayojulikana tangu enzi za wazee wetu. Baa lililoanza miaka ya 1930 lilikuwa bado likisimuliwa nyumbani nilipokuwa mtoto. Mwaka 2009 walizuka tena, katika tambarare za Ziwa Rukwa, Iku-Katavi na bonde la Malagarasi. Ni maeneo ya tembo, viboko na twiga, na maji yake ni maji ya watu na samaki. Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo liliamua kutumia kuvu, ndugu wa hii yangu, Metarhizium acridum, inayowashika nzige na panzi. Spora zilichanganywa na mafuta ya madini na kupuliziwa kwenye eneo la takribani hekta 10,000. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa dawa ya namna hiyo kutumika kwa ukubwa huo dhidi ya nzige.

Nilikuwa bado mwanafunzi. Ninachokumbuka ni manung’uniko. Watu walisema wamepuliziwa maji, maana nzige hawakuanguka siku ile wala ya pili. Walizoea dawa inayoua papo hapo. Baba yangu mdogo alikuwa na shughuli zake huko chini bondeni, na aliporudi alitueleza kuwa nzige wamelegea, wanapanda juu ya nyasi na kukaa tu, na ndege wanawaokota. Mwalimu wetu wa baiolojia alituambia kinachowaua ni kuvu. Nilishangaa kwamba kitu kinachoharibu mikate kina ndugu anayeweza kusimamisha baa. Nadhani siku ile ndiyo nilichagua kazi yangu, ingawa sikujua.

Sasa, kipimo kilichozoeleka kwa nzige ni gramu hamsini za spora kwa hekta. Ukihesabu, ni spora trilioni mbili na nusu hivi. Kwa muda mrefu niliisoma namba hiyo kwa fahari, kama mtu anayesoma idadi ya askari. Baada ya Dumila niliisoma kwa namna nyingine. Niliona ndani yake kiasi cha zitakazopotea. Tunamwaga nyingi kwa sababu tunajua nyingi hazitafika, na mkulima mwenye ekari moja ya mahindi hana uwezo wa kununua hasara ya namna hiyo.

Somo lililonisaidia lilitoka kwenye vumbi na majivu, na nilikuwa nalo tangu utotoni.

Bibi yangu mzaa mama alihifadhi mbegu za maharage ndani ya kibuyu, pamoja na majivu. Hakuyamwaga majivu juu na kufunika, la. Alizimimina mbegu kwenye ungo, akanyunyiza majivu yaliyochekechwa, kisha akawa anazipepeta na kuzigeuza taratibu mpaka kila haragwe limevaa. Akiona moja bado linang’aa, analirudisha. Kama mjukuu anayetaka kwenda kucheza, nilimwambia siku moja kwamba yametosha. Akaniambia fukusi haingilii gunia, anaingilia haragwe moja. Baadaye shuleni nilijifunza kwamba majivu laini hukwaruza na kufyonza nta ya ngozi ya fukusi, naye hukauka. Ila kitu kilichonirudia baada ya Dumila ni kingine: msimu ukifika, bibi aliyapanda maharage yale yale na majivu yake, nayo yakaota. Vazi lilimzuia mwizi, lakini halikuizuia mbegu.

Na vumbi. Aliyekulia kijijini ameona matone ya kwanza ya mvua yakidondoka kwenye vumbi laini la njia mwisho wa kiangazi. Tone haliingii ardhini papo hapo. Linaviringika, linavaa vumbi pande zote na kukaa kama gololi. Unaweza kulisukuma kwa kijiti likatembea. Gololi mbili zikigongana haziungani, kwa sababu vumbi limesimama katikati yao.

Mkuu wa maabara yetu ndiye aliyeniwekea mezani karatasi ya utafiti iliyochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Taasisi ya Volcani nchini Israel. Walikuwa wamechukua spora za Metarhizium brunneum na kuzifunga moja moja ndani ya matone ya mafuta yaliyo majini, matone yaliyozungukwa na chembe ndogo sana za madini. Nilipoona picha nilisema kwa sauti, “Haya ni maharage ya bibi.” Alinitazama akidhani nimechoka.

Mchanganyiko wa mafuta na maji unaoshikiliwa na chembe ngumu badala ya sabuni unaitwa kwa jina la Mwingereza Pickering, aliyeueleza mwaka 1907, ingawa mwenzake Ramsden alikuwa ameuona miaka minne kabla. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba Pickering hakuwa akitafuta krimu ya uso. Alikuwa akiendesha shamba la majaribio ya matunda huko Woburn, akitaka kupulizia miti mafuta dhidi ya wadudu, na shida yake ilikuwa hii hii niliyokutana nayo Dumila: mafuta na maji hayakai pamoja ndani ya bomba. Alikuta kwamba unga laini wa madini ya shaba na chokaa unaweza kuyashikilia. Kwa hiyo elimu hii ilizaliwa shambani kwa ajili ya wadudu, ikazurura kwenye viwanda na vitabu kwa miaka mia, na sasa inarudi nyumbani.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuieleza, ingawa si rahisi kuipata. Chembe inayofaa lazima iyapende maji kiasi na mafuta kiasi. Ikiyapenda maji mno, inarudi majini na kuliacha tone uchi. Ikiyapenda mafuta mno, inazama ndani. Inayotakiwa ni ile ya kusimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na ikiegemea kidogo upande wa maji ndipo unapata matone ya mafuta ndani ya maji. Ikishasimama pale, kuing’oa ni kazi. Molekuli ya sabuni inakuja na kuondoka, leo iko kwenye tone, kesho imerudi majini, na tone likikutana na jingine yanaungana. Chembe, hata yenye nusu kipenyo cha nanomita kumi tu, inashikiliwa pale kwa nguvu inayozidi maelfu ya mara mtikisiko wa kawaida wa joto. Haiondoki yenyewe. Na kwa kuwa spora inakataa maji, haihitaji kulazimishwa: ukiichanganya na mafuta kwanza, inabaki ndani ya mafuta kama mtu aliyeingia nyumbani kwake. Ile tabia iliyoniaibisha mbele ya bibi wa Dumila ndiyo inayofanya ufungaji huu uwezekane.

Tulianza na silika, unga mweupe mwepesi ambao kemia yake ya juu ilikuwa imerekebishwa ili usipende maji kupita kiasi. Unautawanya majini, unamimina mafuta ya madini yenye spora, kisha unapiga kwa mashine ya kukorogea inayozunguka kwa kasi kubwa. Hapo ndipo nilipokosea vibaya.

Nilitaka matone madogo. Nilikuwa nimesoma kwamba ukikoroga kwa nguvu zaidi matone yanapungua, na matone yangu ya kwanza yalikuwa makubwa, yenye spora kumi, ishirini ndani yake, hakuna tofauti na madonge ya zamani. Nikaongeza kasi, nikaongeza muda. Nakumbuka nilishika kikombe cha kioo kwa mkono wa kushoto ili kisitetemeke, na nikahisi kimepata uvuguvugu. Nilihisi kabisa. Mkono uliniambia, nami sikuusikiliza, kwa sababu chini ya hadubini matone yalikuwa mazuri, ya duara, yamelingana. Niliyapiga picha. Niliwapelekea wenzangu. Kisha nikapanda sampuli kwenye visahani vya chakula cha viazi na sukari kilichogandishwa kwa agari, nikasubiri.

Siku ya tatu visahani vilikuwa safi. Siku ya tano pia. Nilikuwa nimetengeneza majeneza mazuri sana. Mkuu wa maabara alivishika kimoja kimoja, akavielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza swali moja tu: “Kikombe kilipata moto kiasi gani?” Sikuwa nimepima.

Tangu siku ile kikombe chetu hukaa ndani ya beseni la barafu, chembe tunazitawanya peke yake kwanza kwa mawimbi ya sauti, na spora zinaingia mwisho, zikikorogwa kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko. Na hakuna picha ya tone ninayoiamini kabla sijaona kisahani. Uzuri wa vazi hauniambii kama aliye ndani anapumua. Nimewahi kuonyeshwa na watu wa nje bidhaa za namna hii zenye picha za kupendeza, nami huuliza swali lile lile nililoulizwa, na mara nyingi kimya kinafuata.

Ilibaki shida ya kupata spora moja kwa tone moja. Watu hudhani kuna mkono unaozichagua. Hakuna. Ni kama karafuu kwenye pilau. Mpishi akitia karafuu chache katika sufuria kubwa, sahani nyingi hazitapata hata moja, baadhi zitapata moja, na atakayepata mbili ni nadra. Akitia kiganja kizima, kila sahani itapata rundo. Kwa hiyo ili nyumba nyingi zenye mkaazi zipate mkaazi mmoja, lazima ukubali nyumba nyingi tupu, na lazima ukubwa wa tone ukaribiane na ukubwa wa spora, ili wawili wasienee. Hilo lilinisumbua moyoni. Nilikuwa nimefundishwa kwamba dawa nzuri ni ile iliyokolea. Kupunguza spora kwa makusudi, nikijua matone mengi yatakwenda shambani na mafuta matupu, nilihisi kama kumwibia mkulima.

Kisha jioni moja niliiona. Nilikuwa peke yangu, umeme ulikuwa umerudi muda si mrefu, na niliweka tone la mchanganyiko kwenye kioo bila matumaini makubwa. Kwa ukuzaji wa mara mia nne palikuwa na duara tupu, duara tupu, duara tupu, kila moja na ukingo mweusi wa chembe uliosimama wima kama ukuta wa boma. Na kwenye la nne palikuwa na kijiti kifupi kimelala upande, peke yake, kinatikisika kidogo kidogo ndani ya mafuta kwa ule mtetemo usiokoma wa vitu vidogo. Hakikugusa ukuta. Nilikitazama mpaka macho yakalowa. Katika miaka yote ya kazi hii nilikuwa nimeshika spora kwa kilo, nimezihesabu kwa mabilioni, nimezimwaga kwenye sinki. Sikuwa nimewahi kukaa na moja.

Kesho yake nilirudi na kuitafuta nyingine niliyokuwa nimeipa unyevu na chakula. Ilikuwa imechipua. Kijimzizi kilikuwa kimepita katikati ya chembe na kutokea nje, kwa sababu ukuta ule si wa saruji. Ni wa mawe yaliyopangwa, na kati ya jiwe na jiwe kuna mwanya. Nilimkumbuka bibi na kibuyu chake.

Kuhusu jua, wale watafiti wa Volcani walichapisha tena mwaka 2021, safari hii wakitumia titania, ule unga mweupe ulio pia katika krimu za kujikinga na jua, na wakaonyesha kwamba spora zilizofungwa hivyo zinastahimili mionzi kuliko zilizo uchi. Lakini titania nayo ina hila. Ikipigwa na mionzi ikiwa haijafunikwa vizuri, inaweza kuzalisha kemikali kali zinazochoma kiumbe hai. Mlinzi anaweza kugeuka. Ndiyo maana aina ya titania na namna uso wake ulivyotengenezwa si jambo la kuchukulia hivi hivi, na sisi tumetumia muda mwingi hapo kuliko mahali pengine popote.

Kuna pia jambo la kukaa ghalani, ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Spora kavu ndani ya mafuta makavu hulala vizuri. Ukiiweka jirani na maji, hata kama imefungwa, kuna hatari iamke kabla ya wakati, na aliyeamka njiani hafiki. Duka la pembejeo la kijijini halina jokofu. Kwa hiyo sisi tumeamua kwamba mafuta yenye spora yasafiri peke yake, unga wa chembe peke yake, na uchanganyaji ufanyike siku hiyo hiyo ya kupulizia. Afisa mmoja aliyekuja kututembelea alisema dawa yenye hatua mbili na inayoua polepole haiuziki. Huenda anajua biashara. Lakini mwanamke anayeamka alfajiri kusonga ugali, kuchemsha maharage na kufika shambani kabla ya jua kuwaka anaweza kuchanganya vitu viwili ndani ya ndoo. Mtu huyo simdharau.

Tulirudi Dumila msimu uliofuata. Safari hii tulifika mapema, mahindi yakiwa na majani machache, viwavi wakiwa ndio kwanza wametoka kwenye mayai. Hilo pia nilijifunza kwa gharama: kiwavi mkubwa amejificha ndani ya moyo wa mmea, na kila anapojivua gamba anaweza kuacha nalo spora zilizomnasa. Kuvu inampata akiwa mdogo, au anapokuwa bado yai. Tulisubiri mpaka saa kumi na moja jioni. Nilimimina mchanganyiko kwenye ndoo mbele ya bibi yule yule. Ulikuwa mweupe kama maziwa ya maji mengi, na ulitulia ndani ya maji bila ubishi. Nozeli haikuziba. Bibi aliinama, akachovya kidole, akanusa.

“Na ule unga uko wapi?”

Nilimwambia umo ndani, umevishwa, mmoja mmoja. Aliitikia kwa kichwa, kisha akanionyesha alichokuwa akifanya yeye miezi yote hiyo: alikuwa akitia mchanga na majivu kwenye moyo wa kila mhindi, kwa mkono, mmea baada ya mmea. Nilitembea naye mistari kadhaa nikimsaidia. Mgongo uliuma haraka.

Tulifunga vitambaa kwenye mimea tuliyopulizia. Sikudanganyi kwamba viwavi wote walikufa. Wakubwa wachache waliokuwa wametutangulia waliendelea kula, na bibi aliwaponda kwa vidole kama alivyozoea. Lakini kwenye mimea yenye vitambaa majani mapya yalitoka yakiwa na matundu machache, na siku ya saba nilipogeuza jani moja nilimkuta kiwavi mdogo amenata, mgumu kama kipande cha uzi mkavu. Aliyekufa kwa sumu hulegea na kuoza. Huyu alikuwa amekakamaa. Tuliwaokota kadhaa wa namna hiyo, tukawaweka kwenye kopo la kioo lenye karatasi yenye unyevu. Bibi aliomba kopo libaki kwake.

Nilipopita tena alinipeleka dirishani kabla hata hajaniuliza habari za nyumbani. Viwavi walikuwa wameota manyoya meupe, na juu ya manyoya kijani kilikuwa kimeanza kutanda. Alifungua kifuniko, akagusa mmoja kwa ncha ya kidole, kidole kikatoka na vumbi la kijani. Kando palikuwa na bakuli la maji ya kunawa. Alikitumbukiza kidole taratibu, akakitoa, na sote wawili tukainama kutazama.

Vumbi lilikuwa limebaki juu, linaelea.

“Bado linakataa,” alisema.